Korongo Ambaye Hakuna Aliyemwona

Kitendawili changu ni hiki, nawe kaa nacho mpaka mwisho wa hadithi, usikimbilie kujibu: kila mtu nyumbani kamwona, na hakuna aliyemwona.

Umeshindwa? Usione haya. Nevena naye alikuwa ameshindwa, na jibu lilikuwa limesimama mbele ya dirisha lake.

Jumapili hiyo Bibi Marta aliamka kanuna. Mwezi wa Machi huku kwenye milima ya Balkani ni bibi kizee, na tabia zake tunazijua sote: akicheka jua linatoka, akinuna mbingu zinafunguka. Siku hiyo alinuna tangu alfajiri. Mvua nyembamba isiyokoma, ukungu umekalia mapaa ya Gorna Slivitsa, barabara ya kijiji imekuwa uji. Na watu wanane wenye akili zao walikuwa wamesimama mbele ya lango la mzee Rangel na baiskeli zao za mlimani, wanataniana.

"Asiyetaka kuchafuka arudi kwa mama yake sasa hivi," alisema Bai Mincho, akifunga mkanda wa kofia ngumu kidevuni. "Nikifika kule juu nikamkuta mtu msafi, namrudisha chini aanze upya."

Huyu Bai Mincho alipeleka barua kwa baiskeli kwenye milima hii miaka thelathini na moja, na alipostaafu akashindwa kukaa. Ana miaka sitini na minne, na miguu kama ya beberu. Watu wote humwita Bai, kaka mkubwa, hata wale wanaoweza kuwa wajukuu zake.

"Mimi mama yangu yuko Plovdiv," alisema Tsveta, yule nesi mnene mcheshi, rafiki wa Nevena tangu darasa la kwanza. "Nirudi huko?"

"Rudi. Lakini kwa baiskeli hiyohiyo."

Wakati wanacheka, Nevena alitoka langoni akisukuma baiskeli yake, uso chini. Mama yake, Donka, alimfuata na mkate wa jibini uliofungwa kwenye kitambaa, naye uso chini, anatazama madimbwi. Ndani ya gari lao kuukuu la Lada, baba yake, mzee Rangel, alikuwa ameshika usukani, sufuria kubwa la maharage limefungwa mkanda kwenye kiti cha nyuma kama abiria, na kofia yake ya sufi ameishusha mpaka kwenye nyusi. Ungewaona ungedhani nyumba hiyo imepoteza sindano na wote wanaitafuta.

"Tutawakuta kule juu, kibandani Orlitsa," Rangel aliuambia usukani. "Saa saba. Maharage hayamsubiri mtu." Donka akaingia, Lada ikakohoa, ikaondoka kwa njia ya lami inayozunguka mlima.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemfanya Nevena ainue macho. Yavor alikuwa amepiga magoti kwenye tope, anamjazia mtu upepo tairi, nywele zimelowa zimemwangukia usoni. Alipomwona hakutazama uso wake kwanza. Alitazama mkono wake wa kushoto.

"Bado?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Bado," Nevena alijibu, akavuta mkono wa koti ukafunika kiganja.

Kwenye mkono huo kulikuwa na uzi wa Machi, mwekundu na mweupe uliosokotwa pamoja, kama tunaofungana sote siku ya kwanza ya mwezi. Uzi huo haufunguliwi ovyo. Unakaa nao mpaka umwone korongo wa kwanza amerudi kutoka nchi za joto, ndipo unaufungua na kuutundika kwenye mti. Na ukimwona korongo wako wa kwanza amesimama, mwaka huo utatulia nyumbani. Ukimwona anaruka, mwaka huo utasafiri.

Huyu Yavor ni fundi wa baiskeli mjini Troyan. Alikaa Austria miaka sita, akarudi mwaka jana. Siku ya kwanza ya Machi, akimfunga Nevena uzi, alisema: "Nevena, nataka kukuoa. Usinijibu sasa. Nijibu siku utakayoufungua huu." Naye Nevena akacheka kwa furaha, akamfunga na yeye uzi wake, wakakubaliana.

Wiki moja baadaye barua ikaja kutoka Innsbruck, kwa waajiri wake wa zamani wa Austria. Wanamtaka tena, mkataba wa miaka miwili, ajibu kufikia Jumatatu. Yaani siku iliyofuata Jumapili hiyo ya mvua.

Na hapo ndipo mzee Rangel alipokataa katakata. "Kamen naye alisema majira mawili ya baridi," aliwaambia mezani, akimsema mwanawe wa kwanza aliye Valencia. "Sasa ni manane. Mtoto mmoja nimeipa barabara. Wa pili siipi. Na huyo kijana ni mtu wa magurudumu, binti yangu. Gurudumu kazi yake nini? Kuondoka."

Nevena aliinuka akakusanya sahani. Yeye ni daktari wa mifugo wa vijiji vitatu. Kondoo wote wa bonde lile wanamjua kwa harufu. Angeondokaje? Na angemwambiaje mwanaume mzima abaki?

Sasa nikwambie siri yake. Alhamisi asubuhi alifungua dirisha, na juu ya nguzo ya umeme mbele ya lango lao, kwenye kile kiota kikubwa cha kila mwaka, korongo alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, mweupe, ametulia kama mwenye nyumba aliyerudi. Akanyoosha mabawa, akayakunja. Nevena akafunga dirisha taratibu. Akavuta pazia. Na tangu hapo akawa anatembea anatazama viatu vyake, na kila Yavor akiuliza, anajibu bado.

Wakaanza kupanda.

Mlima wa Orlitsa hauna huruma ukiwa mkavu, sembuse umelowa. Tope la huko ni la mfinyanzi, zito, linashika tairi na kukataa kuachia. Kila baada ya mizunguko kumi mtu anashuka, anachokora kwa kijiti, anapanda tena. Bai Mincho yuko mbele kama kawaida, Yavor nyuma kabisa kama kawaida, maana fundi hukaa mwisho apate kuokota walioharibikiwa. Nevena alikuwa wa pili kutoka mwisho. Alisikia tairi ya mbele ya Yavor ikilamba tope nyuma yake, na mgongo wake wote ulijua yuko umbali gani.

"Kitendawili!" Bai Mincho alipaza sauti kutoka mbele. Hiyo ndiyo dawa yake ya mlima. Mtu akifikiri, miguu inasahau kulalamika.

"Tega!" wakajibu wote wakihema.

"Nikimkanyaga ananikumbatia, nikimkimbia ananifuata mpaka sebuleni!"

"Mume wangu!" alisema Tsveta.

Kicheko kilichopasuka hapo kiliwaangusha wawili. Tsveta mwenyewe alikuwa mmoja wao. Alikaa kitako katikati ya dimbwi, miguu mbele, hakuonyesha dalili ya kutaka kuinuka.

"Siyo mume wako. Nipe mji."

"Chukua Pernik."

"Pernik siitaki, nina shemeji huko. Nipe mwingine."

"Haya, chukua Varna, na bahari yake."

"Varna nimeichukua. Jibu ni hilo ulilolikalia, mwanangu. Tope!"

Walipofika kwenye msitu wa miti mikubwa, mvua ikazidi. Matone yalikuwa yanakusanyika juu kwenye matawi matupu, yanaanguka makubwa makubwa kwenye shingo. Bai Mincho hakukoma.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Wako wawili. Mmoja anajua njia lakini hana nguvu. Mwingine ana nguvu lakini haoni mbele. Ukiwatenganisha hawafiki popote."

Wakaendelea kukanyaga. Watu wanafikiri, pumzi zinatoka kama moshi. Nevena alilijua jibu, lilikuwa chini yake linazunguka. Sauti ikatoka nyuma yake, ya upole, kama haikuwa inamjibu Bai Mincho.

"Magurudumu ya baiskeli."

Nevena akageuza kichwa. Yavor alikuwa anamtazama. Uso umejaa madoa ya tope mpaka kwenye kope, na katikati ya tope macho mawili ya kijivu hayapepesi. Walitazamana hivyo labda kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Lakini baiskeli haipendi mtu anayetazama nyuma. Tairi ya Nevena ikapanda mzizi, ikateleza, akakanyaga pedali kwa nguvu ili asianguke, na pale nyuma kitu kikalia *tak!* Mnyororo ukakatika, ukaning'inia kama nyoka aliyekufa.

"Kuna nini huko?" Bai Mincho aliuliza kutoka juu.

"Mnyororo!" alijibu Yavor. "Endeleeni, tutawafuata!"

"Tutawafuata," Tsveta alimwigiza kwa sauti ya puani. "Bai Mincho, twende, twende. Mnyororo wa aina hii haupendi mashahidi."

Wakaondoka, vicheko vikamezwa na ukungu. Wakabaki wawili na mvua.

Karibu na hapo palikuwa na banda la kondoo la zamani, paa nusu limebaki. Waliingiza baiskeli ya Nevena humo, wakaigeuza, magurudumu juu. Yavor akavua glavu. Akatoa kifaa chake kidogo cha kufungulia pini za mnyororo.

"Nishikie hapa. Siyo hapo. Hapa."

Vidole vyao viligusana juu ya chuma baridi. Hakuna aliyeondoa chake.

"Chuma cha gia kimepinda kabisa," alisema Yavor. "Nitaufupisha mnyororo, utabaki na gia moja. Utapanda nayo hivyohivyo mpaka kileleni. Utaweza?"

"Nimewahi kumzalisha ng'ombe kwenye theluji. Gia moja itanishinda?"

Alitabasamu. Kisha akaona mkono wake. Koti lilikuwa limepanda, na uzi uko nje, si mwekundu tena wala mweupe, kamba ya tope tupu.

"Umeuharibu. Lete niusafishe." Akachukua chupa yake ya maji.

"Usiuoshe," Nevena akavuta mkono.

"Maji tu, Nevena."

"Nimesema usiuoshe."

"Kwa nini?"

Mvua ilipiga nusu ile ya paa. Nevena alitazama viatu vyake, kama alivyozoea siku nne, kisha akachoka kuvitazama.

"Kwa sababu ulipaswa kuwa umefunguliwa. Nimeshamwona," alisema. "Korongo. Alhamisi asubuhi. Yuko juu ya nguzo yetu."

Yavor akaweka chupa chini polepole.

"Alhamisi. Ijumaa nikakuuliza, ukasema bado. Jana ukasema bado. Leo asubuhi..."

"Bado. Najua. Nimekudanganya mara tatu kwa neno moja."

"Kwa hiyo jibu lako ni hapana." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuuma zaidi Nevena. "Unatafuta namna ya kuniambia bila kuniumiza."

"Mpumbavu wewe! Ingekuwa hapana ningekwambia Alhamisi ileile kabla ya kifungua kinywa. Jibu baya halinitishi, mimi huwaambia watu kila siku kwamba ng'ombe wao hataamka. Ni hilo jingine ndilo linanitia hofu."

"Hofu ya nini?"

"Ya kukwambia baki." Alijifuta pua kwa mkono, akajipaka tope zaidi. "Siku Kamen anaondoka, nilishika mlango wa basi. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na nikalia kama mtoto. Nikamwambia usiende. Akashuka. Akakaa wiki mbili kwa ajili yangu, na wiki mbili hizo hakusema na mtu, alikuwa anakaa uani anatazama barabara. Kisha akaondoka, na safari hii aliondoka amenikasirikia. Mpaka leo akipiga simu anaongea na mama. Sitaki tena mtu akae kwa ajili yangu halafu anitazame vile."

Yavor alijifuta mikono kwenye suruali. Kisha akakunja mkono wa koti lake. Uzi wake wa Machi, ule aliofungwa na Nevena, bado ulikuwa pale.

"Mimi nilimwona Jumatano," alisema.

"Nani?"

"Korongo."

"Jumatano! Na wewe umekaa na uzi siku tano, unaniuliza mimi bado, bado?"

"Wangu alikuwa anaruka, Nevena." Akashusha macho. "Jioni, pale darajani. Alipita chini chini juu ya mto. Nikasema moyoni, nikimwambia huyu au baba yake kwamba nimemwona anaruka, basi nimekwisha. Ndege amenishitaki."

Nevena alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, akashindwa kuchagua.

"Na Innsbruck?"

"Nilipiga simu Alhamisi asubuhi. Nimekataa."

"Kwa ajili yangu?" Sauti yake ilitoka na woga.

"Hapana. Na ndiyo maana sikukwambia. Nilijua utadhani hivyo." Akauchukua mnyororo, akaisukuma pini kwa kile kifaa huku akiongea, maana kuna maneno mwanaume huyasema vizuri zaidi mikono ikiwa na kazi. "Miaka sita nimeosha baiskeli za watu wanaokuja kwa wiki moja. Hakuna hata mmoja aliyejua jina langu mwaka uliofuata. Hapa nina kiduka changu, nina Bai Mincho na miji yake aliyopora, nina tope hili bovu. Hata ukisema hapana, Nevena, bado Jumapili ijayo nitakuwa nyuma ya msafara naokota watu. Nitakuwa na huzuni, lakini nitakuwa hapa. Huna haja ya kuniambia baki. Nimeshabaki."

Gurudumu lilizunguka. Mnyororo ukashika. Ulikuwa na sauti nzuri, *kri, kri, kri*, kama panzi.

Nevena alikunja mkono wa koti. Alinyoosha mkono wa kushoto.

"Fungua," alisema. "Jibu liko ndani ya fundo."

Yavor alijaribu. Alijaribu kwa vidole, kwa kucha, kwa meno hata. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na fundo la wiki tatu lililolowa tope limekuwa jiwe.

"Nikate?"

"Thubutu! Uzi wa Machi unakatwa?"

"Basi twende hivyohivyo."

"Twende hivyohivyo."

Alimpangusa tope kwenye shavu kwa kidole gumba, akamwongezea doa jeusi la grisi, na pale penye grisi akambusu.

Kibandani Orlitsa wenzao walikuwa wamekalia mabenchi, mvuke unawatoka kama farasi. Jiko la kuni linanguruma. Donka anagawa mkate, mzee Rangel anachota maharage yenye nanaa, kofia ingali kwenye nyusi.

"Mnyororo ulikuwa mrefu!" alisema Tsveta.

"Tumeufupisha," alisema Yavor, na watu wakacheka kuliko neno lenyewe lilivyostahili. Mzee Rangel hakucheka. Aliona lile doa jeusi la grisi kwenye shavu la binti yake, akaweka upawa chini.

"Kijana, kesho ni Jumatatu. Utawajibu nini hao watu wa Austria?"

"Nimeshawajibu, Bai Rangel. Siendi."

"Leo huendi. Na mwakani?" Akamwegemea mezani. "Nikuulize kitu, unijibu kama unavyomjibu baba yako. Korongo umeshamwona mwaka huu?"

Watu kwenye mabenchi wakageuka. Nevena alitamani Yavor aseme bado. Neno fupi, lingepita. Yavor alimtazama Nevena, kisha akamtazama mzee machoni.

"Nimemwona. Jumatano jioni."

"Amesimama?"

"Anaruka."

Donka alivuta pumzi. Tsveta akaacha kijiko hewani. Mzee Rangel alitikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu aliyeambiwa kitu alichokijua.

"Anaruka," alirudia. "Si nilisema."

"Alipita darajani, chini chini," Yavor aliendelea, maana aliyeanza kusema kweli hana pa kusimamia katikati. "Bawa la kushoto lina pengo, kama manyoya mawili hayapo. Nilimtazama mpaka akapotea."

"Pengo?" Nevena aliinuka. "Bawa la kushoto, karibu na ncha?"

"Hapohapo."

"Baba..." Aligeuka, akasahau kabisa siri yake. "Baba, huyo wa kwetu ana pengo hilohilo! Alhamisi alinyoosha mabawa, niliona!"

Akaziba mdomo. Alikuwa amejifichua.

Hapo ndipo Donka alipoweka mkate chini, akajifuta mikono kwenye aproni, akageukia watu.

"Kitendawili," alisema.

"Tega!" Bai Mincho alirukia kabla ya wote. Tangu lini mtu mwingine akatega yeye yupo?

"Kila mtu nyumbani kamwona, na hakuna aliyemwona."

Bai Mincho akakuna kidevu. Akakuna tena. "Vumbi chini ya kitanda?"

"Nipe mji."

"Kwanza Varna ni yangu..."

"Nimeichukua Varna. Jibu ni korongo aliye kwenye nguzo yetu." Donka akamgeukia binti yake. "Unafikiri una macho peke yako? Alhamisi nilikwenda kukamua, nikamwona. Nikaona pazia lako limevutwa, nikajua umemwona na hutaki. Nikasema, mwache mtoto afikiri. Nikatazama chini."

"Mama! Siku nne?"

"Siku nne. Muulize na baba yako kwa nini anavaa kofia kama mwizi."

Wote wakamgeukia mzee Rangel. Mzee akavua kofia yake polepole. Kwenye mkono wake, chini ya shati, uzi wake wa Machi nao ulikuwa bado umefungwa.

"Nilimsikia anagonga mdomo alfajiri," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti ilikuwa ndogo. "Nikamwona. Nikasema, nikiufungua wangu, itabidi na yeye aufungue wake. Akiufungua, anajibu. Akijibu, naye anaondoka. Basi sikumwona." Akasugua shingo. "Imeniuma hii shingo, jamani."

Tsveta ndiye aliyeanza kucheka, lakini macho yake yalikuwa na maji. Nyumba nzima inatembea inahesabu madimbwi, na ndege amesimama juu ya vichwa vyao!

Mzee hakucheka. Alikuwa anapiga hesabu yake taratibu.

"Jumatano jioni alipita darajani," alisema. "Alikuwa anaelekea wapi, kijana?"

"Huku. Juu, kwenye bonde lenu."

"Na Alhamisi alfajiri yuko kwenye nguzo yangu." Akaweka kofia mezani. "Basi hakuwa anasafiri, huyo. Alikuwa anarudi nyumbani."

Kijiko cha Tsveta kikarudi sahanini. Rangel akamwita binti yake kwa kidole, akamkalisha karibu na jiko. Akachota maji ya moto kwenye birika, akayapoza na ya baridi, akaushika mkono wake na kuumwagia kidogo kidogo. Tope likashuka. Kwanza ukaonekana mweupe, halafu mwekundu.

"Fundo la nani hili?"

"Langu, Bai Rangel," alisema Yavor.

"Umefunga kama mtu anayefunga ng'ombe."

"Sikutaka lifunguke, mzee."

"Hm."

Vidole vya Rangel ni vinene, vimepasuka kwa baridi na kazi. Vilichukua muda. Angeweza kusema limeshindikana, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini aliinamia fundo lile kama mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto, akavuta hapa, akalegeza pale, jasho likamtoka. Maharage yakaanza kushika chini ya sufuria na hakuna aliyeinuka. Kisha uzi ukaachia, ukalala kwenye kiganja chake.

Aliutazama. Hakumpa Nevena. Alinyoosha mkono akampa Yavor.

"Wewe uliufunga, mimi nimeufungua. Sasa nendeni mkautundike pamoja. Na huo wako pia. Na wangu, maana mti ni mrefu na shingo yangu mmeshaisikia."

Nje, mvua ilikuwa imepungua, imebaki ya kudondoka kutoka kwenye paa tu. Mbele ya kibanda pana mti wa plamu, vichipukizi vyake vimefumba bado, vidogo kama punje za mtama. Yavor alifunga nyuzi tatu kwenye tawi moja. Safari hii alifunga taratibu, fundo jepesi.

"Sasa nimeshafunguliwa," alisema Nevena. Meno yalikuwa yanagongana kwa baridi. "Huniulizi?"

"Nilishauliza. Nasubiri."

"Ndiyo."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo, Yavor! Usinifanye niseme mara mbili, nimelowa mpaka kwenye mifupa."

Ndani mtu aligonga dirisha kwa kijiko. Alikuwa Rangel, akiwaonyesha sahani mbili zilizojaa, zimewekwa upande mmoja wa meza.